Mlipaji Naye Apewe Ukurasa: Namna ya Kunufaika Zaidi na Wateja Ulio Nao

Chini ya kaunta ya karibu kila duka la mtaa, kuanzia Mbagala hadi Kawangware, kuna daftari lililochakaa pembe. Ndani yake yameandikwa majina ya wanaodaiwa: mama wa nyumba ya pili, sukari nusu na mafuta robo, dereva wa bodaboda, vocha ya elfu moja, mwalimu, mchele kilo tano hadi mwisho wa mwezi. Mwenye duka anajua kila mmoja anakaa wapi, mshahara wake unatoka lini, na akikwama hupitia uchochoro gani ili asionekane. Sasa muulize habari za yule anayelipa taslimu kila siku, asiyekopa hata kiberiti. Hana ukurasa. Akihamia duka la jirani zitapita wiki kadhaa kabla hajakumbukwa, na huenda asikumbukwe kabisa.

Biashara ndogo nyingi huvujia hapo. Fedha hutumika kuchapisha vipeperushi, kulipia matangazo ya Instagram na kubandika bango jipya ili kuwavuta watu wasiojulikana, huku waliokwisha kuizoea biashara wakiondoka mmoja mmoja, kimya kimya. Wahenga walikwisha kuonya kuhusu kuacha mbachao kwa msala upitao. Mwongozo huu ni wa mbachao: jinsi ya kumjua mteja uliye naye, kumrudisha kwa wakati wake, kumuuzia kinachomfaa, na kugundua mapema anapoanza kupotea.

Hesabu kwanza

Mwaka 1990, Frederick Reichheld wa kampuni ya ushauri ya Bain na Profesa W. Earl Sasser wa Harvard walichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review iliyobadilisha namna wafanyabiashara wanavyomtazama mteja wa zamani. Walionyesha kwamba idadi ya wateja wanaohama ikipunguzwa kwa asilimia 5, faida hupanda kwa asilimia 30 katika mtandao mmoja wa gereji, asilimia 50 kwa wakala wa bima, na asilimia 85 katika matawi ya benki moja. Sababu walizotaja ni rahisi: mteja wa zamani hagharimu tena kutafutwa, hununua zaidi kadiri anavyozoea, hasumbui kuhudumiwa kwa sababu anajua utaratibu, na huleta wenzake.

Duka la Tandika si benki ya Marekani, lakini sababu hizo nne zinafanya kazi hata kwenye kibanda cha futi nane. Chukua saluni ya kike yenye wateja 60, tuseme kila mmoja hulipa shilingi 15,000 za Tanzania kwa ziara na hurudi kila baada ya wiki nane. Kwa mwaka saluni hiyo inaingiza shilingi 5,850,000. Wateja wale wale wakirudi kila baada ya wiki sita, kwa bei ile ile, mapato yanakuwa shilingi 7,800,000. Hapo pana nyongeza ya karibu shilingi milioni mbili bila kutafuta mtu mpya hata mmoja. Kwa upande wa pili, wateja kumi wakitoweka bila mtu kujua, shilingi 975,000 zimekwenda nao.

Kabla ya kufanya lolote jingine, fanya hesabu hiyo kwa biashara yako. Vitu vitatu vinatosha: wateja wangapi hurudi, hurudi baada ya muda gani, na kila mmoja huacha kiasi gani.

Fungua ukurasa wa mlipaji

Daftari la wateja halihitaji kompyuta. Daftari la kaunta la shilingi elfu chache linatosha, mradi kila mteja wa kawaida apate ukurasa wake au nusu yake. Andika jina analoitwa, namba ya simu kama amekubali kuitoa, tarehe aliyokuja, alichonunua, na jambo moja la kumkumbuka.

Fundi cherehani ana bahati, kwa kuwa tayari anaandika. Fungua daftari la vipimo la fundi yeyote, utakuta jina juu, chini yake namba zisizo na maelezo, 38, 30, 42, 15, ambazo yeye peke yake anajua ipi ni kifua na ipi ni mkono, kisha kipande cha kitenge kimebanwa kwa pini ili nguo zisichanganywe. Nguo ikichukuliwa, pini inarudi kwenye kikopo, kipande kinatupwa, na ukurasa unafunikwa na wengine. Mteja akija tena baada ya miezi mitano anapimwa upya kama mgeni.

Ukurasa huo huo ukiongezewa tarehe, shughuli iliyomfanya ashone, bei aliyolipa na neno alilosema siku ya kuchukua nguo, unageuka kuwa mali. Baada ya mwaka unamwambia fundi kwamba mama huyu hushona mara mbili, Idi na Desemba. Ana mabinti wawili wanaovaa sare naye. Mara ya mwisho alilalamika mkono unambana. Akipokelewa kwa maneno, "Mama, safari hii mkono tunaulegeza kidogo, siyo?" hatakuwa na sababu ya kwenda kujaribu fundi mwingine.

Anayetumia simu zaidi kuliko kalamu anaweza kufanya kazi hiyo kwenye WhatsApp Business, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018. Ina lebo za kuwapanga wateja kwa makundi, majibu yaliyoandaliwa kabla, na katalogi ya bidhaa yenye picha na bei. Jambo moja la kuzingatia: ujumbe wa orodha ya matangazo huwafikia tu wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo siku ya kwanza mwombe mteja aihifadhi palepale kaunta. Usiwakusanye wateja wote kwenye kundi moja bila kuwauliza, maana kila mmoja ataziona namba za wenzake, na wapo wasiopenda ijulikane wanasuka wapi au wananunua nini.

Hilo pia lina sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Data wa Kenya alitoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Msusi anayependa kuonyesha kazi zake kwenye Instagram na aombe ruhusa kwanza. Andika kile tu unachokihitaji, daftari likae mahali ambapo kila apitaye halisomi, na mteja akisema asitumiwe tena ujumbe, jina lake lifutwe kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Jua mzunguko wa kila kitu

Karibu kila bidhaa ina siku yake ya kurudi, na anayeijua siku hiyo anamfikia mteja kabla hajaanza kutafuta. Gereji nyingi zinalijua hili: baada ya kubadilisha oili, fundi hubandika karatasi ndogo kwenye kioo ikionyesha kilomita za kubadilisha tena. Karatasi hiyo hukaa mbele ya macho ya dereva miezi kadhaa ikiwa na jina la gereji.

Muuza gesi anaweza kufanya vivyo hivyo. Familia inayopikia mtungi wa kilo 6 huumaliza kwa muda unaokaribiana kila mara. Ukiandika tarehe za mitungi mitatu mfululizo, ya nne utaikadiria. Mteja akipigiwa simu siku mbili kabla, "Dada, gesi inaelekea kuisha, nikuletee mtungi mwingine kesho asubuhi?" ameepushwa na adha ya kuishiwa gesi usiku maharage yakiwa jikoni, na muuzaji ameepuka mteja huyo kukimbilia duka lolote lililo wazi saa hiyo.

Nywele za rasta nazo zina wiki zake. Msusi anayejua kwamba mteja alisuka tarehe 3 anaweza kumtumia ujumbe wiki ya tano kumkumbusha kufumua na kuosha kabla nywele hazijaanza kushikana. Ujumbe wa namna hiyo una faida kwa mteja, kwa hiyo hauchoshi. Kinachochosha ni matangazo ya kila siku yenye maua, dua na alama za mshangao, yanayofutwa bila kusomwa.

Mzunguko mkubwa ni wa mwaka. Idi, Krismasi, mahafali, misimu ya harusi, na Januari yenye sare, madaftari na viatu vya shule: hakuna asiyejua siku hizi zinakuja, lakini kila mwaka mafundi hukesha siku tatu za mwisho wakiwaambia watu "njoo kesho". Fundi mwenye daftari anaweza kuwaandikia wateja wa Idi iliyopita mapema, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama:

"Shikamoo mama. Ni mimi fundi wako wa pale karibu na msikiti. Vipimo vyako na vya mabinti ninavyo. Ukileta vitambaa kabla ya mwezi kuandama, nguo utachukua kumi la kwanza, bei ya mwaka jana."

Ujumbe huo mfupi unafanya kazi tatu. Unamkumbusha mama mahali anapofahamika, unasogeza kazi kutoka kwenye msongamano wa mwisho, na bei nafuu unampa mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba hurudi.

Swali moja la kaunta

Kuuza zaidi kwa mteja yule yule huanza na kusikiliza anachokwenda kukifanya, badala ya alichokuja kukinunua tu. Mama anayenunua unga wa ngano kilo mbili Jumamosi jioni anapika chapati. Muuzaji wa duka la mtaa, au duka la Mangi kama linavyoitwa Dar es Salaam, akiuliza tu, "Mafuta yapo nyumbani, mama?" amemkumbusha kitu ambacho angemtuma mtoto kukifuata nusu saa baadaye, pengine duka jingine.

Swali liwe moja, na liwe la kweli. Maswali matatu mfululizo humfanya mtu ahisi anakabwa. Kabla ya kufungua asubuhi, chagua jozi tano za bidhaa zinazokwenda pamoja katika biashara yako, uzipange jirani kwenye shelfu, na umfundishe msaidizi wako kuzikumbuka. Kwa saluni ni kusuka pamoja na kuosha na kutibu ngozi ya kichwa. Kwa mama lishe ni wali na juisi ya ukwaju. Kwa anayeuza simu ni kava na kioo cha kulinda skrini, kabla simu haijatoka dukani.

Fundi cherehani ana hazina inayofagiliwa kila jioni: mabaki ya vitenge. Kipande kilichobaki kwenye gauni la mama kinatosha kilemba, pochi, au sketi ya mtoto wa miaka mitatu. Kitambaa ni cha mteja mwenyewe, kwa hiyo fundi anauza ufundi peke yake. Swali lake liulizwe siku ya kupima, kitambaa kikiwa bado mezani: "Hapa patabaki nusu yadi. Nikufanyie kilemba chake?"

Wakati mwingine kinachouzwa zaidi ni unafuu wa kupata kilekile. Mteja anayenunua mahitaji ya wiki nzima kila Ijumaa anaweza kutuma orodha kwa simu, akalipa kwa Lipa Namba, na bodaboda akampelekea mzigo. Mwenye duka apange mapema na dereva mmoja anayeaminika, bei ya kila eneo ijulikane, na bidhaa zihesabiwe mbele ya dereva kabla mfuko haujafungwa.

Nyongeza impate aliyezoea

Sokoni, muuza nyanya humalizia kwa kutupia mbili juu ya fungu lililokwisha kulipiwa. Nyanya hizo mbili hazikutangazwa wala hazikupunguza bei ya fungu, na ndizo zinazomrudisha mnunuzi kwenye meza ile ile. Tofauti na nyongeza hiyo, punguzo la bei lina kawaida ya kuganda: ukishauza kwa 9,000 kitu cha 10,000, wiki ijayo 10,000 itaonekana wizi.

Kadi ya mihuri ni nyongeza iliyopangwa. Mwaka 2006, watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio walilofanya kwenye kituo cha kuosha magari Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu yake zilihitaji mihuri minane ili mteja aoshewe gari bure. Nusu nyingine zilihitaji kumi, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa sawa kabisa, mihuri minane, lakini waliopewa kadi iliyokwisha kuanzwa ndio walioimaliza kwa wingi: asilimia 34, dhidi ya asilimia 19 ya wenzao. Mtu akijiona ameshaanza safari, huimaliza.

Kwa hiyo ukichapisha kadi, mpe mteja wa zamani ikiwa na mihuri miwili na umwambie sababu: "Hii ni kwa ajili ya mara zote ulizokwisha kuja." Kisha chagua zawadi inayokugharimu kidogo lakini yenye thamani kwake. Saluni iliyojaa Jumamosi na tupu Jumanne itoe kuosha bure kwa siku za Jumanne hadi Alhamisi, saa ambazo msusi angekaa akiangalia barabara. Zawadi itolewe bila vipingamizi. Mteja aliyekusanya mihuri miezi minne kisha akaambiwa ofa imekwisha atasimulia mtaa mzima.

Mkopo na kudunduliza

Kukopa harusi, kulipa matanga, na hakuna anayelijua hilo kama mwenye duka. Hata hivyo mkopo ni huduma ambayo supamaketi haitoi, na kwa wateja wengi ndiyo sababu ya kubaki na duka la mtaa. Kosa ni kumkopesha kila aombaye hadi mtaji unaisha, kisha kubandika tangazo la "leo taslimu, kesho mkopo" linalowagusa hata waaminifu.

Ukurasa wa mlipaji unasaidia hapa. Mtu ambaye kwa miezi sita ameonekana akinunua kwa taslimu kila wiki anaweza kupewa kikomo, tuseme sawa na manunuzi yake ya wiki moja, na siku ya kulipa iandikwe mbele yake. Asipewe kingine kabla hajamaliza cha kwanza. Mgeni hakopeshwi, na haihitaji maelezo marefu.

Kampuni ya M-KOPA imekua kwa mantiki hiyo. Ilianzishwa Kenya mwaka 2011 na ikaanza kwa kuuza vifaa vya umeme wa jua ambavyo mteja alivilipia kidogo kidogo kila siku kupitia M-Pesa. Alipomaliza deni hakuagwa. Rekodi yake ya malipo ndiyo iliyompa nafasi ya kukopa kitu kingine: jiko banifu, televisheni ya umeme wa jua, na baadaye simu janja. Mteja wa taa aligeuka mteja wa nyumba nzima.

Biashara ndogo isiyo na mtaji wa kukopesha inaweza kugeuza mambo: mteja adundulize kwanza, achukue mzigo baadaye. Mshona sare anaweza kuwafungulia wazazi kadi za kudunduliza mwezi wa tisa ili Januari sare ziwe tayari. Kila malipo yaandikwe sehemu mbili, kwenye kadi ya mzazi na kwenye daftari la fundi, na wote wawili watie sahihi. Fedha hizo zisiguswe kulipia kodi ya pango au ada za watoto wa fundi. Ni vitambaa ambavyo havijanunuliwa, na ni bora vinunuliwe mapema kabla bei za Desemba hazijapanda.

Anayepotea hutoweka bila kuaga

Mteja wa mtaani ana haya. Chapati ikiwa ngumu hasemi. Analipa, anashukuru, kesho anaonekana kibanda cha pili. Kwa hiyo kusubiri malalamiko ni kupoteza muda. Kila mwisho wa mwezi pitia daftari na uweke alama kwa kila aliyepitisha mizunguko miwili bila kurudi. Kama kawaida yake ni wiki mbili, akifikisha nne ameshaanza kupotea.

Mpigie badala ya kumtumia tangazo, na usianze na biashara. Salamu, habari za nyumbani, kisha swali lililo wazi: "Kaka, siku nyingi hatujakuona. Mara ya mwisho kuna kitu hakikukaa sawa?" Swali la jumla kama "huduma zetu zikoje?" huleta jibu moja tu, "nzuri". Swali la siku fulani hufungua kinywa. Akisema zipu iliharibika wiki ya pili, mwambie ailete ibadilishwe bure. Zipu ni gharama ndogo ukilinganisha na nguo mbili kila mwaka. Akisema amehamia Kibaha, mtakie heri na umuulize kama kuna jirani anayemwachia nafasi.

Kuomba kuletewa mtu kuna wakati wake, nao ni pale mteja anapojitazama kwenye kioo na kutabasamu. Mpe kadi mbili zenye jina lake nyuma, na rafiki akija na kadi hiyo, wote wawili wapate kitu. Kumzawadia rafiki peke yake ni kumwonyesha aliyekuwepo kwamba mgeni anathaminiwa kuliko yeye.

Kupima kila mwezi

Tenga saa moja kila mwisho wa mwezi uandike namba tatu kwenye jalada la ndani la daftari: wateja wangapi wa zamani wamerudi, kwa wastani kila mmoja ameacha kiasi gani, na wangapi wamepitisha mizunguko miwili. Anza jambo moja kwa wakati, ama ujumbe wa mzunguko au kadi, ili ujue ni lipi lililoleta tofauti.

Baada ya miezi mitatu namba zitakuelekeza. Kama wanaorudi wameongezeka lakini wananunua kilekile, kazi iko kwenye swali la kaunta. Kama kiasi cha kila ziara kimepanda huku wanaopotea nao wakiongezeka, huenda msaidizi anawakaba watu. Simama naye kaunta siku mbili umsikilize. Na kama hakuna kilichosogea, kagua kwanza tarehe za Jumamosi. Siku hiyo duka hufurika, na ndiyo siku ambayo daftari hurukwa zaidi.